Siku Akina Mama wa Mwihoko Walipokuja Kuona Kabeni

Tangu nistaafu silali dirisha likiwa limefungwa. Mke wangu analalamika kwamba mbu wa Murera sasa wanatujua kwa majina, lakini mimi nimemaliza ujana na uzee wangu nikizuia hewa isiingie mahali, na nimeamua iingie itakavyo. Ninyi vijana mliobaki kwenye maabara ya Ruiru mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Vyeo sitavitaja, maana vilinipita bila kusimama, wala mshahara, ambao nao ulikuwa na tabia hiyo hiyo. Nitaandika kuhusu vyombo, watu walionifundisha kuvishika, na ile siku ambayo nyinyi huanza kuicheka kabla msimulizi hajafika katikati.

Nilianzia Thika, katika maabara ya kiwanda cha rangi, nikiwa kijana niliyedhani kemia ni kumwaga hiki ndani ya kile. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Fundi Odhiambo, mpuliza vioo, ambaye alikuwa ametengeneza karibu kila chombo cha mle ndani kwa moto na pumzi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na mashavu makubwa. Alinipa koki moja ya kioo na kikopo cha grisi, akaniambia niipake. Nikaipaka. Akaitazama kwenye mwanga, akaifuta kwa kitambaa, akanirudishia. Niliipaka koki ile ile mpaka jioni, nikiamini ninaadhibiwa kwa kosa ambalo bado sijalifanya. Ndipo akanionyesha kwamba koki ikipakwa sawasawa, kioo chake chenye ukungu hugeuka kuwa angavu, na kwamba ukiona hata mstari mmoja mweupe, hapo ndipo hewa itakapopenya.

"Hewa haina haraka," aliniambia. "Ni wewe uko na haraka."

Nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha kuziba mrija wa kioo kwa moto bila kuuma midomo, na kuondoka kazini bila kuaga, kwa sababu anayeaga hupewa kazi nyingine. Alipofariki, kiwanda kilinunua vyombo vya kigeni vilivyovunjika vyote kabla ya Krismasi. Baadaye maabara ikafungwa, nami nikahamia chuo kimoja Ruiru, ambako nilimkuta Profesa, mtu aliyetoka masomoni ng'ambo na wazo moja tu kichwani. Wazo hilo lilikuwa kabeni.

Nitaieleza kama alivyonieleza mimi, maana wengine wenu mlikuja mkijua jina tu. Kaboni ya kawaida ina mikono minne, na haitulii mpaka yote minne iwe imeshika kitu. Kabeni ni kaboni iliyoshika kwa mikono miwili. Imebaki na jozi ya elektroni ambayo haijampa mtu, na kando yake nafasi tupu, kwa hiyo huvamia chochote kilicho karibu na haidumu hata kupepesa jicho. Kwa muda mrefu wataalamu waliapa kwamba haiwezi kukaa kwenye chupa. Kumbe ukiiketisha ndani ya pete ya atomu tano, katikati ya nitrojeni mbili zinazoigawia elektroni kidogo, njaa yake inapungua. Na ukisimamisha makundi manene ya atomu pande zote mbili, kama mabaunsa mlangoni, basi inatulia kabisa na kuwa fuwele nyeupe unazoweza kuzitazama.

Thamani yake ni ile jozi. Huishika metali na haiachi. Ukiipa paladi, unapata kichocheo cha kuunganisha molekuli za dawa. Ukiipa rutheni, unapata mkasi wa kukata mafuta na kuyaunga upya kwa mpango mwingine. Lakini kabla haijashika metali, tone la maji likiigusa imekwisha. Inanyakua protoni kutoka kwenye maji na kurudi kuwa chumvi, na kazi yako ya wiki nzima inabaki unga usio na maana. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba mwili wa binadamu unafanya mambo haya haya kila siku. Vitamini B1, ile ya maharagwe, ina pete yenye kaboni inayofanya kazi kama kabeni ndani ya seli zako, katikati ya maji yote hayo, bila gesi ya agoni na bila Njoroge.

Njoroge ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kukausha dunia. Kiyeyusho nilikichemsha pamoja na sodiamu na benzofenoni mpaka kigeuke buluu ya wino wa shule, ndipo nijue hakina maji. Kikibaki na rangi ya chai ya jana, naanza upya. Vyombo nilivichoma kwa moto kabla ya kuvitumia. Msimu wa mvua ndefu nilikuwa sisalimii mtu. Tulipakana na jiko la wafanyakazi, na githeri ikichemka mvuke wake ulikuja moja kwa moja kwetu, kwa hiyo ilibidi Profesa, mwenye shahada zake zote, aende kumsihi mpishi afunike sufuria. Mpishi alimuuliza hiyo kemia yetu inaogopaje maharagwe.

Kabeni yenyewe iliishi ndani ya sanduku la glavu. Kwa asiyelijua, ni sanduku kubwa lililojaa agoni, gesi isiyojishughulisha na mtu, lenye kioo mbele na mikono miwili mirefu ya mpira mweusi. Unaingiza mikono yako humo na kufanya kazi ndani ukiwa umesimama nje. Vijana waliliita Kioski, kwa sababu kama maduka ya Mwihoko unaona bidhaa zote na huruhusiwi kuingia. Siku moja nilikuta andazi humo ndani, limekauka kama jiwe. Mwanafunzi mmoja alilipitisha kwenye chumba kidogo cha kuingizia vitu, akitaka kula huku akifanya kazi, akasahau kwamba mdomo wake umebaki nje. Andazi hilo lilikaa humo kwa miaka, na halikuota ukungu hata siku moja.

Sasa niwaeleze kuhusu Nekesa. Alikuwa akisomea udaktari wa falsafa chini ya Profesa, msichana wa kutoka upande wa Bungoma, ingawa nasema msichana kwa sababu ya umri wangu. Alikuwa ameolewa miaka kadhaa na Barasa, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja Thika. Walipanga vyumba viwili katika ploti ya Mwihoko, pamoja na mama yake Barasa aliyekuja kutoka nyumbani kutibiwa miguu akakaa. Mtoto hawakuwa wamejaliwa. Katika ploti yenye milango mingi inayotazamana, jambo kama hilo linajadiliwa kila asubuhi kwenye kamba ya nguo. Nekesa aliyasikia, akapanda gari kuja kazini.

Lengo lake lilikuwa kutengeneza kabeni, kuifunga kwenye rutheni, na kuyakata mafuta ya makadamia yaliyochacha ambayo viwanda vya Thika humwaga, yawe malighafi ya kitu cha maana. Lakini mtahini wa nje alikuwa amesema wazi kwamba anataka kwanza kuona kabeni yenyewe, peke yake, hai, na aondoke na sampuli ikapimwe. Idara nayo ilikuwa imekataa kumwongezea Nekesa muda. Alikuwa ameshajaribu mara nyingi na kupata unga. Halafu mwenye kutuletea agoni akatwambia kwamba mtungi uliokuwa ukutani ndio wa mwisho hadi meli ifike. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: fuwele ziishi mpaka Jumatano ya mtahini kwa mtungi huo mmoja, au Nekesa arudi nyumbani bila kitu.

Zikatoka. Ijumaa asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya Kioski, mikono ndani ya mpira, na kwenye kichupa mbele yake kuna fuwele nyeupe safi kama chumvi ya Magadi iliyooshwa. Aliniomba nimpige picha kwa simu yake amtumie mumewe. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu Desemba, nikafurahi kwelikweli. Tukafunga kila kitu, tukakubaliana kwamba hakuna atakayeingiza mkono humo mpaka Jumatano bila sababu kubwa. Maana kila mkono ukiingia, sanduku linabanwa na kutema agoni nje. Ukitoka, linavuta agoni mpya kutoka kwenye mtungi. Kila mkono una gharama yake.

Barasa alimwonyesha mama yake picha hiyo. Mama Barasa hakuuliza kitu. Yeye alimzaa Barasa kabla ya miezi yake, na kwa majuma mengi mtoto alilala hospitalini ndani ya sanduku la kioo lenye mipira, matundu ya mikono na saa ya sindano, naye akimgusa kupitia matundu hayo. Sasa aliona mkaza mwana wake, ambaye kwa miezi alikuwa akirudi amechoka na hasemi kazi yake ni ipi, amesimama mbele ya sanduku lile lile akitabasamu. Alivaa kanga yake akaenda mlango wa tatu, kwa Mama Shiro, mwenyekiti wa chama cha akina mama, kumpa habari ya mjukuu.

Jumatatu saa nne walifika. Sijui kama mmewahi kuona kikundi cha akina mama wakienda kuona mtoto, lakini hakizuiliki. Askari wa langoni alijaribu kuuliza kitambulisho, akapewa kikombe cha uji, akawaonyesha ngazi. Walikuja na mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, thamosi tatu, shali iliyofumwa kwa uzi wa manjano, na kuku mmoja aliyeonekana kuelewa mambo kuliko sisi. Profesa alikuwa safarini. Nekesa alikuwa ameingiza mikono kwenye Kioski kukaza kifuniko cha kichupa, kwa hiyo walimkuta vile vile alivyo kwenye picha.

Nilisimama mlangoni nikasema hapa haparuhusiwi wageni.

"Wewe ni nani yake?" Mama Shiro akaniuliza.

Nikasema mimi ndiye ninayeangalia hewa. Akaniambia mwanaume hakai mahali pa mama na mtoto, lakini kwa vile hewa ni muhimu, nisimame pale kwenye kona na niangalie ukuta. Nikaenda kwenye kona nikaangalia ukuta. Kwa bahati, ukuta huo ndio uliokuwa na geji ya mtungi, yenye sindano ya kuonyesha gesi iliyobaki.

Mtashangaa kwa nini hatukusema ukweli papo hapo. Mimi nilimtazama Nekesa, na Nekesa alikuwa akimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa ameingia mbele ya wenzake wote, kitambaa kipya kichwani, uso umenyooka kama wa bibi harusi. Nekesa alifungua mdomo akaufunga. Nadhani hata nyinyi mngeufunga.

Wakaanza kupita mmoja mmoja. Kila mama aliinama kwenye kioo na kuona kichupa cha fuwele. Hakuna aliyesema kwamba ni kichupa. Kwetu mtoto wa mtu hasemwi vibaya. Ukienda kumwona ukakuta ana masikio makubwa, unasifu paji la uso. Kwa hiyo wa kwanza alitazama kwa muda mrefu akasema ni mweupe, amefuata upande wa mama. Wa pili akasema ni mdogo lakini ametulia. Wa tatu akasema wa kwake alikuwa mdogo kuliko huyo na leo ni askari magereza. Kisha Mama Shiro akauliza mbona hawamshiki, akaingiza mikono yake yote miwili kwenye mipira, akakiinua kichupa kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, akakibembeleza.

Sanduku likatema agoni. Nilisikia ule mlio wa vali, fyuu, na kwenye ukuta wangu sindano ikashuka. Alipotoa mikono, ikashuka tena. Wa pili akaingiza yake, na baada yake wa tatu. Nilianza kutoa maombi kwa Kikuyu, lugha ninayoitumia mambo yakiwa mabaya.

Wakafika kwenye jina. Mama Shiro alisema mtoto wa kwanza, kama ni wa kiume, anaitwa kwa babu wa upande wa baba, hiyo haina mjadala. Mama mmoja wa kutoka Bungoma akasema kwao majina ya wazee hutajwa moja moja mpaka mtoto anyamaze. Mwenzake akamjibu kwamba huyu amenyamaza tangu waingie, sasa watajuaje. Wakajaribu hata hivyo, wakiyatamka majina mbele ya kioo, huku mikono ikiingia na kutoka. Mwishowe wakanigeukia pale kwenye kona wakaniuliza hospitali imemwandika nani. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikawatajia jina kamili la kikemia, na namba zake na koma zake. Mama Shiro akasema jina la ukoo wote haliwezi kubebwa na mtoto mmoja. Ni Mama Barasa aliyemaliza ubishi, akiongea kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama ni kweli mtoto huyu hapatani na maji. Nikasema ni kweli. Basi ni Nasimiyu, akasema, aliyezaliwa wakati wa kiangazi.

Sindano ilikuwa imeingia kwenye nyekundu. Nilijua kilichobaki. Kingetosha kulifikisha sanduku Jumatano kama hakuna mtu angeligusa tena, na kisingetosha kama mtu mmoja tu angeingiza mikono na kuitoa. Na aliyebaki ni mmoja tu, bibi wa mtoto, aliyewaachia wageni watangulie kama mwenyeji mwema. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake. Niligeuka kutoka ukutani, na nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu Nekesa aliutazama, kisha akatazama ile geji, akaanza kulia.

Alimshika mama mkwe wake mkono. Wale wengine walikuwa wakimimina uji upande wa pili.

"Mama," alisema polepole, "hapo ndani hakuna mtoto."

Mama Barasa hakugeuka. Alikuwa akitazama fuwele.

"Najua," akasema. "Barasa aliniambia jana jioni. Lakini hawa walikuwa wameshapika." Akaweka kitambaa chake sawa. "Miaka yote mimi ndiye hubeba ndizi kwenda kwa watoto wa wengine, Nekesa. Nilitaka hata siku moja waniletee mimi."

Sina aibu kusema nililia, na nililia nikiangalia ukuta. Nekesa alijaribu kumwomba msamaha, akashindwa. Mama Barasa akaniuliza ile sindano inasema nini. Nikamwambia kweli: kwamba kazi yote ya Nekesa iko kwenye kichupa hicho, kwamba kinaishi kwa hewa ya mtungi huu, na kwamba mtungi umefika mwisho. Alifikiri. Kisha akakunjua mikono ya gauni lake mpaka kwenye viganja, akafunga vifungo, akaitandaza ile shali ya manjano juu ya Kioski.

"Mtoto amechoka," akawaambia wenzake. "Uji tunywee nje."

Wakatoka wote bila swali, kwa sababu mtoto akichoka hakuna mjadala. Yeye ndiye aliyetoka mwisho, na hakuingiza mkono.

Siku mbili zile niliishi kama mganga. Sikuruhusu mtu hata kuegemea meza. Kuku tulimpa mpishi, akafunika sufuria bila kuombwa. Jumatano mtahini akafika, mzee mpole kutoka chuo kimoja Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka nikaogopa kufungua mdomo. Alikula ndizi moja, akauliza ile shali ni ya nini. Nikamwambia vumbi. Nekesa aliingiza mikono, akaweka fuwele chache kwenye mrija mwembamba wa kioo, akaifunga koki yake, akautoa; nami nikauziba kwa moto pale shingoni, jinsi Fundi Odhiambo alivyonifundisha. Mtungi uliisha kabla sijazima moto. Kilichobaki ndani ya Kioski kiligeuka unga wiki ile ile, lakini tulichokihitaji kilikuwa tayari ndani ya kioo.

Mrija ulipelekwa Nairobi kwenye ile mashine ya sumaku inayosikiliza atomu moja moja. Kabeni ina alama moja isiyofichika: kaboni yake husikika mbali sana upande wa kushoto wa chati, mahali ambapo kaboni za kawaida haziendi. Mtahini alipiga simu alasiri. Alisema kaboni iko pale pale inapotakiwa, imekaa peke yake kama mtu aliyewahi kanisani, na kwamba yeye hana swali lingine.

Nekesa alitoka hadi kwenye korido, akampigia mama mkwe wake. Simu yake ilikuwa na spika mbovu iliyotangaza kila kitu, kwa hiyo mimi na mpishi tulisikia. Alisema tu, "Mama, imekubali." Tukasikia mlango ukifunguliwa upande wa pili na sauti ya Mama Barasa ikiita kwa nguvu kule kwenye ploti, kwenye milango yote inayotazamana, kana kwamba Jumatatu haikuwahi kuwapo:

"Nekesa amejifungua salama!"

Vigelegele vikaanza. Sisi Wakikuyu mtoto wa kiume hupigiwa vitano na wa kike vitatu, na mimi nikajikuta nimesimama pale korido nikihesabu kwa vidole. Walipita vitatu, wakapita vitano, na hawakuonyesha dalili yoyote ya kunyamaza.